Fizikia ya Uwanjani ya Mwalimu Nasambu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha fizikia, mingi yake hapa kwetu katika shule ya wasichana ya Kibomet, Kitale, Mwalimu Agneta Nasambu anastaafu tarehe 30 Aprili mwaka huu. Nimeombwa niandike mimi kwa sababu meza zetu zimegusana tangu aje. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Fizikia nilianguka, naye hajawahi kuniacha nisahau.

Alizaliwa Webuye, akaanza kazi Bungoma mjini, kisha akahamishiwa huku akiwa na sanduku moja la nguo na rundo la waya za shaba. Hapa alipatana haraka na Bwana Gurdip, fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua popote mjini, waya wake ulikuja kwetu, na wasichana walijua wiki hiyo watatengeneza sumaku ya umeme.

Alikuwa na sheria yake: jibu halipati alama ya vema mpaka lipelekwe nje. Wakipiga hesabu ya mwendo wa sauti, mmoja alikwenda kugonga sufuria mwisho wa uwanja, wenzake wasikie inavyochelewa. Mawimbi waliyasoma kwa kamba ya kuruka. Kuna Viola, aliyepata kwamba chungwa likiangushwa kutoka orofa ya juu litafika chini baada ya dakika nne. Madam hakumkemea. Alimsimamisha chini, akapanda juu akaliachia chungwa, na Viola akajicheka mpaka machozi.

Hata yeye sheria hiyo ilimkamata. Siku moja hesabu yake ilionyesha kwamba msichana mmoja anaweza kusukuma gunia la mahindi juu ya ubao hadi kwenye lori. Tulitoka wote kutazama. Gunia halikutikisika. Akavua viatu, akasukuma mwenyewe, akateleza akakaa chini pwaa! Alikuwa amesahau msuguano. Alirudi ubaoni akajiandikia sifuri, darasa likampigia makofi.

Kisha ukaja mwaka ambao nusura fizikia ifutwe. Wasichana waliiogopa, walioichagua wakawa wachache mno, na bodi ya shule ikataka somo liondolewe. Yeye angehamishwa, basi, angepata shule nyingine. Kilichomuumiza ni wale wachache waliotaka kuwa wahandisi, ambao wangefungiwa mlango. Hata chai ya saa nne aliiacha ikapoa.

Siku ya kikao aliwaomba wanabodi watoke nje kidogo. Mwenyekiti, Mzee Wepukhulu, mkulima wa Endebess, aliombwa ainue gunia la mahindi kwa kamba iliyopitishwa juu ya boriti. Alivuta, akavua koti, akavuta tena, akadai ati kuna mtu ametia mawe ndani, bana. Ndipo akaja Joan wa kidato cha pili, mwembamba kama ufito. Alikuwa amepiga hesabu ya kapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, na msuguano akautia. Akapitisha kamba kwenye vigurudumu hivyo, akavuta, gunia likapanda polepole mbele ya macho yao. Mzee alicheka, akaomba kamba naye ajaribu. Fizikia ikabaki.

Leo wanaoichagua hawaenei kwenye maabara. Muhula huu wamepewa darasa langu, na mimi na Kiswahili changu tumehamishiwa ukumbi wa chakula, katikati ya harufu ya maharagwe. Nimelalamika kwa kila mtu. Ukweli ni kwamba nikiwasikia wakipiga kelele uwanjani nafurahi, halafu nakumbuka kwamba Mei hatakuwa nao, na moyo unaniuma.

Asante, Madam, kwa yote. Nenda nyumbani Webuye upumzike, uwe na afya, na siku zako ziwe njema. Darasa langu waache wakae nalo; silitaki tena.