Mguu wa Mtoto Kibandani kwa Mzee Soli

Wapendwa waombolezaji, Baba yetu, fundi viatu mliyemzoea kwa jina la Mzee Soli, alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mama mwuza vyungu na baba mlinzi wa ghala. Alisoma hadi darasa la sita. La saba alilikataa mwenyewe: mwalimu alivaa viatu vilivyopinda, naye akawa haoni ubao, anaona visigino tu.

Mwaka 1966 aliingia kwa fundi mmoja mjini kujifunza kazi, akaishika haraka. Kuanzia 1971 hadi 1976 hatuna habari zake. Tulipomuuliza alisema, "Nilikuwa huku na huko," akaendelea kupiga misumari. Aliporudi alifungua kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, akakaa hapo hadi nguvu zilipomwisha. Hakuwa mkono wa birika. Mwanafunzi mwenye kiatu kilichoachama hakuondoka pale pekupeku. Ila salamu zake zilianzia miguuni. Hata wakwe zangu aliwatambua kwa soli kabla ya sura.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 14 Julai 1979. Viatu vya harusi alimshonea bila kumpima, vikamkaa sawasawa. "Ndivyo alivyonipata," Mama husema.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na mchana wa Jumatano, tarehe 8 Septemba 2021, alifariki dunia mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Wasifu ungeishia hapo. Lakini jana mdogo wangu alikwenda kibandani kutafuta viatu vya kumzikia Baba, akafungua sanduku lililokuwa chini ya meza ya kazi. Ndani mlikuwa na mguu wa bandia, umefungwa shuka safi. Wa mbao, wa kizamani kabisa, wenye bawaba za shaba na mikanda ya ngozi. Mguu wa mtoto. Chini ya goti umeungwa vipande vitatu, kimoja baada ya kingine, maana mwenyewe alikuwa akikua. Kiatu chake kimeshonwa na Baba. Mshono ule tunaujua. Na ngozi imepakwa mafuta hivi karibuni.

Tumeduwaa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukatwa mguu. Baba mdogo alisema, "Hiyo ni kalibu tu ya kushonea viatu."

Mama akamjibu, "Shemeji, kalibu inafungwa pajani?"

Shangazi akashauri tuufukie pamoja na marehemu, yaishe, kwani aliyekwenda hajibu. Mimi nilikubali, tena kwa hasira: unaishi na mtu miaka yote hii, kumbe humjui! Mama akakataa katakata.

"Mwenyewe akija atauliza mguu wake. Mtamwambia nini?"

Basi, marehemu ameacha mjane, wajukuu tisa, na watoto wanne tunaowajua. Hilo neno la mwisho ni amri ya Mama, na ulimi wangu unalibeba kwa shida. Mimi ninayesoma ndiye mwanawe wa kwanza, au ndivyo nilivyojua mpaka jana. Ndugu yetu, kama uko hapa, umesimama huko nyuma, njoo mbele. Mkubwa ndiye anayetangulia kutupa udongo, nami sijui kama ni mimi.

Baba yetu, na baba yako, apumzike kwa amani.