Jiwe la Mlinzi

Ndani ya treni ya asubuhi nilifumba macho kwa heshima, ili masikio yafanye kazi bila bughudha. Mbele yangu fundi wa mawe ya makaburi alipakata jiwe la mfano lililochongwa neno "Amelala". Mama mjane aliyeketi kando yake alilitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Kaka, leo naenda kuagiza jiwe la marehemu mume wangu. Neno hilo silitaki hata bure."

"Mama, ni la Maandiko. Bwana mwenyewe alisema Lazaro amelala."

"Lazaro hakuwa mlinzi wa ghala! Wangu alifukuzwa kazi mara tatu kwa kulala zamuni. Mtaa mzima utakuja kaburini kucheka."

Fundi akakohoa. Nami nikakohoa, kwa sababu za kidini.

"Lakini aliyelala ataamka parapanda ikilia," fundi akasema. "Au humtaki aamke?"

"Namtaka sana," akajibu mama, sauti ikamlegea. "Ndiyo hofu yangu. Ghala liliungua, king'ora kikalia, wazimamoto wakaja, yeye akageukia upande wa pili. Hiyo parapanda italia mara moja tu?"

Fundi akalipangusa jiwe, ingawa lilikuwa safi.

"Basi nichongee wewe," mama akaamua. "Andika amelala. Chini yake uongeze: asipoamka aitwe tena, mkewe anamsubiri."

"Mama wee, hilo halimo katika Maandiko!"

"Hata mume wangu hayumo."

Treni ikasimama. Wakashuka wakibishana, jiwe wamelibeba wote wawili.