Anselme Digard, Aliyengoja Taa ya Kijani

Marehemu baba yangu, Anselme Digard, alizaliwa kijijini Vauville, Ufaransa, tarehe 3 Machi 1948, katika nyumba ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisoma shule ya kijiji, kisha ufundi huko Cherbourg.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuklia, kule juu ya kijiji. Kupitia glavu nene za sanduku la kioo, alishughulikia plutoniamu iliyotengwa na fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika vinuni, ili ichanganywe na urani na kuzalisha umeme tena. Yeye aliiita kiporo. Mama alimuuliza kiporo hicho hupashwa mara ngapi. Akajibu kwamba kwa sasa ni mara moja tu, halafu kinawekwa kiwangoje wenye akili zaidi. Mama akasema basi supu yake nayo ifuate sheria hiyohiyo.

Kazini hakuna aliyetoka kabla ya kunyoosha mikono mbele ya mashine ya kupima mionzi, mpaka taa ya kijani iwake. Mazoea yana taabu. Tarehe 12 Juni 1976, akitoka kanisani na bibi harusi wake, Maryvonne Mauger, alimwachia mkono, akasimama mlangoni mikono mbele, akingoja. Wageni walicheka. Firmin, kaka wa bibi harusi, hakucheka.

"Umeshajuta, shemeji? Hata mchele hatujawarushia."

"Nilikuwa nangoja taa."

"Hapa kuna mishumaa tu."

Tangu hapo Firmin, akiamini dada yake alidharauliwa, hakukanyaga kwetu. Kila Krismasi Baba alimpelekea chupa ya sida, kile kileo cha tufaha, na kila Krismasi ilirudi haijafunguliwa. Jambo hilo lilimuuma Baba mpaka uzeeni.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Daktari alilaumu siagi. Baba aliitetea siagi kwa ukali. Oktoba mwaka huu alilazwa hospitali ya Cherbourg, na hatimaye Firmin akaja. Muuguzi alimmiminia dawa ya kutakasa mikono, naye akabaki mlangoni, mikono mbele, akingoja ikauke.

Baba akamwangalia kutoka kitandani. "Umeshajuta, shemeji?"

Firmin alicheka mpaka akalia. Sida aliyokuja nayo ilinywewa, kinyume cha sheria za wodi. Baba alifariki tarehe 9 Novemba, usingizini.

Ameacha mjane, Maryvonne; binti, Clémence, ninayewasomea haya; wajukuu wawili; na shemeji yake Firmin, ambaye ni mmoja wa wabebaji wa jeneza. Firmin ameomba tukifika mlangoni mwa kanisa tusimame kidogo nalo.

Taa imewaka, Baba. Pita kwa amani.