Vikombe vya Uji vya Mama Provia Akurut

Wapendwa wachungaji, wazee, majirani zetu wa Iyolwa, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Busia na Malaba: ukoo wa marehemu Imalingat Olupot unawashukuru kwa kuja kumsindikiza Mama Provia Akurut. Anayewasomea ni mimi Aanyu, kitinda mimba wake. Mama aliagiza nisome mimi kwa sababu ndugu zangu, alisema, wangelia na chakula kingepoa. Programu mliyoshika ilichelewa kwenda kwa mchapaji kwa sababu ya mstari mmoja tu, ule wa idadi ya watoto aliowaacha. Mstari huo nusura uvunje matanga. Nitaueleza nikifika mwisho.

Mama Provia alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 huko Amukura, Kaunti ya Busia ya leo, upande wa Kenya. Alikuwa binti ya Mzee Emuron na Mama Syprose. Hapa ndipo wasifu mwingine ungesema alikuwa mtoto wa ngapi kati ya wangapi. Sisi hatusemi. Kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo, maana ukiwahesabu unawaitia balaa. Mama aliishika mila hiyo maisha yake yote, ingawa hakukosa ibada hata Jumapili moja. Mchungaji wetu alijaribu kuzungumza naye juu ya jambo hilo zaidi ya mara moja, na nadhani mchungaji ndiye aliyechoka kwanza.

Alianza shule ya msingi Amukura mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Somo lake lilikuwa hesabu. Alihesabu magunia ya mtama ya baba yake, nguzo za boma, hatua kutoka nyumbani hadi kisimani. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni kwamba mama fulani ana watoto saba, watatu wamekwenda sokoni, wamebaki wangapi. Darasa zima likaandika. Provia akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, hiyo mimi sifanyi."

"Kwa nini? Imekushinda?"

"Haijanishinda. Weka maembe, nitakujibu sasa hivi."

Mwalimu akafuta watoto, akaweka maembe, akapata jibu kabla hajageuka. Hadithi hiyo tulisimuliwa na dada zake, kwa sababu mwenyewe alikuwa akidai haikumbuki, huku akicheka. Baada ya darasa la saba alibaki nyumbani kumsaidia Mama Syprose kulea wadogo zake. Hilo lilimuuma, na hakulificha.

Alikutana na baba yetu, Imalingat Olupot, kwenye soko la Malaba, alikokuwa akileta mafahali. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Anasemekana alimsalimia akampita, akarudi, akamsalimia tena. Walifunga ndoa kanisani tarehe 3 Desemba 1977, na bi harusi akavuka mpaka kuingia Uganda, hapa Iyolwa, na godoro moja, jembe, na boksi la vikombe vya bati alivyopewa na mama yake. Miaka ile ukaguzi ulikuwa mkali. Askari akafungua boksi.

"Vikombe vyote hivi ni vya biashara?"

"Ni vya watoto."

"Wako wapi hao watoto?"

"Wanakuja," Mama akasema.

Baba alisema hapo ndipo alipojua ameoa. Kweli walikuja. Tulikuja sisi wa tumbo lake, na baada ya baba yetu mdogo kufariki wakaja wa kwake, na kila aliyeingia alipewa kikombe chake. Kwetu ugali tulikula sinia moja, mkono kwa mkono, lakini uji wa asubuhi kila mtu alikuwa na kikombe, na Mama alikichora alama kwa ncha ya msumari chini ya kitako. Changu kina msalaba na nukta. Baba alitutangulia mwaka 2011, akiwa amevumilia kelele za vikombe hivyo kwa miaka thelathini na zaidi.

Kwa kazi, Mama alikuwa mkulima wa wimbi, karanga na mihogo. Hiyo kazi nyingine, ile iliyowaleta wengi wenu hapa leo, ilianza vibaya.

Mwezi Juni mwaka 2009 walikuja wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Kampala kujifunza kazi nyanjani. Mradi fulani ulitaka kugawa vyandarua vya mbu, na wao walitumwa kuandika watu wa kila nyumba. Aliyefika kwetu alikuwa Vincent, kijana mwembamba mwenye fomu nyingi na viatu vya mjini. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kampala:

"Mama, watoto yako iko ngapi?"

"Aa, baba, hapa wapo wawili watatu tu."

Kila mtu wa hapa anajua jibu hilo maana yake ni nini. Maana yake ni uliza jambo lingine. Vincent akaandika watatu. Akaenda kwa jirani, akajibiwa vivyo hivyo, na kwa jirani wa jirani, hadi akamaliza kijiji. Jioni alifurahi kwamba kazi imekwenda upesi na kwamba familia za Iyolwa ni ndogo.

Vyandarua vilipoletwa, nyumba yetu ilipata vitatu. Kimoja kikawa cha wazee, viwili vikatandwa chumba cha watoto, ukutani. Mkeka wangu ulikuwa mlangoni. Nilikuwa na miaka tisa. Mvua za Agosti zilinikuta hapo, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimelazwa hospitalini Tororo kwa malaria, na dripu mkononi, sijui jina langu. Mama alikaa kando ya kitanda siku nne. Siku ya pili nesi aliyekuwa akijaza kadi alimuuliza kuna watoto wangapi nyumbani wasio na chandarua. Mama akamwambia, "Dada, niulize vikombe."

"Vikombe gani?"

"Vya uji. Niulize nimeosha vingapi asubuhi niliyotoka nyumbani."

Nesi, Mungu ambariki popote alipo, akauliza. Mama akajibu palepale bila kusita, kisha akalia. Aliniambia baadaye alilia kwa hasira, kwa sababu jibu lilikuwa jikoni kwake siku zote na mwanawe alikuwa karibu kufa kwa kukosa swali. Nilipona, kama mnavyoona. Nilirudi nyumbani na njaa ya kutisha.

Mwaka uliofuata wanafunzi waliporudi, Mama aliwasubiri barabarani. Vincent alikuwa miongoni mwao. Alipoelezwa yaliyotokea alikaa chini kwenye majani. Mama akamwinua, akampa uji, akamfundisha: ingia, keti, kunywa, uliza habari za ng'ombe na za mvua, karatasi ikae mfukoni. Ukimaliza kikombe, mwulize mama mwenye nyumba ameosha vikombe vingapi leo. Walizunguka kijiji chote hivyo, Mama mbele, na hakuna mlango uliowafungia.

Orodha mpya ilizidi ile ya kwanza zaidi ya mara mbili. Msimamizi wa mradi akaja na gari, amekunja uso. Aliamini tumejiongezea watu ili tupate vyandarua tukauze Malaba.

"Hawa watoto wote wametoka wapi kwa mwaka mmoja?"

"Wametoka tumboni," Mama akajibu, "lakini si mwaka huo."

"Ni makosa yangu mimi, sir," Vincent akasema. "Mwaka jana mimi naandika watatu. Hawakuwa watatu."

Kama vyandarua vingezuiwa siku ile, mikeka ya mlangoni ingebaki kama ilivyokuwa, na Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hakubishana. Alimkaribisha yule bwana uji, akamchotea kwenye kikombe cha karibu, kisha akaita watoto waliokuwa wakipalilia karanga. Walikuja mbio kwenye kichanja cha vyombo, kila mmoja akapindua vikombe, akatafuta alama yake, akachukua. Mimi nikapindua vyote, changu sikukiona. Kilikuwa mkononi mwa msimamizi. Nikaenda nikasimama mbele yake, mikono kifuani.

"Baba, maliza basi. Hicho ni changu."

Akaangalia kitako cha kikombe, akaona msalaba na nukta. Akaangalia watoto waliojaa uani. Kila mkono ulikuwa na kikombe na kichanja kilikuwa kitupu. Akamaliza uji kwa mafunda mawili, akanirudishia, akamwomba Vincent kalamu. Mwezi ule chandarua kilifika kwenye mkeka wa mlangoni. Mama alikifunga mwenyewe, akakivuta pembe zote nne, akaniambia niingie ndani mchana mchana nijaribu.

Tangu hapo hakuna Juni iliyopita bila wanafunzi kwa Mama Provia. Walitoka Kampala, Kisumu, Eldoret, na nchi ambazo Mama alizitaja kwa namna yake. Alitembea nao Iyolwa, Paya na Sop Sop, kuulizia maji, chanjo, uzazi salama, vikundi vya akina mama. Fidel wa Busia alifika akisalimia wazee kwa Sheng ya mjini. Baada ya wiki mbili alikuwa akipiga goti. Caro alikuja hajawahi kuona ng'ombe akizaa, akaondoka amemzalisha mmoja.

Na yupo Amondi, aliyesafiri kutoka ng'ambo kuja kukaa nasi leo. Jina hilo alipewa na Mama mwaka 2014 kwa kuwa alifika alfajiri. Alikuja na maswali arobaini na sita, na la kwanza lilikuwa la choo. Siku yake ya kwanza Paya alimtangulia Mama bila kumngoja, akaingia kwa Mama Robinah, na kabla ya salamu akauliza, "Mama, una choo?" Mama Robinah akamhurumia, akamwonyesha nyuma ya nyumba: "Kipo, mwanangu, nenda tu, usione haya." Amondi aliona ni utovu wa adabu kukataa, akaenda. Nyumba ya pili hivyohivyo. Hadi saa sita alikuwa ameingia vyoo saba, na akina mama wa Paya wamemtuma mtu kwa Mama Provia na majani ya kutuliza tumbo la mzungu. Kuanzia siku ile alikunywa uji kwanza.

Kila mwanafunzi alipomaliza muda wake, Mama alichukua msumari na kukichora kikombe alichokuwa akitumia. "Hiki hakina mtu mwingine," alisema, "ukirudi utakikuta." Mwaka 2022 nami nilikuja na fomu za chuo. Nilipelekwa Sop Sop, nikakaa kwa mama nisiyemjua, nikanywa, nikauliza vikombe.

Mama aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2019. Aliyempima alikuwa Caro, ambaye siku hizi ni tabibu Busia. Aliyakubali maradhi, akakataa masharti. Uji usio na sukari aliuita adhabu ya mahabusu, na tulipoficha sukari aliagiza nyingine kwa jirani. Mwaka jana figo zilianza kulemewa. Alilazwa Tororo mwezi wa Januari na tena Februari, akarudi nyumbani kwa kutaka kwake. Alituacha Jumapili tarehe 1 Machi 2026, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, amekaa uani juani. Tulikuwa tumempa kikombe chake, na kilikuwa nusu. Uchungu wa asubuhi ile bado tunao.

Sasa ule mstari. Mjomba Oriokot, ambaye mnamfahamu kwa utaratibu, alisema programu bila idadi ya watoto ni aibu ya ukoo. Dada zangu wakasema Mama hakuhesabiwa watoto akiwa hai, hatahesabiwa akiwa kwenye jeneza. Mjomba akasema pia kwamba wanafunzi ni wageni na wageni hawaandikwi. Amondi alikuwepo, akaelewa, akainuka kwenda kuosha vyombo. Mambo yalikaa hivyo siku mbili.

Alhamisi asubuhi tukapika uji wa matanga. Wote waliokuwa wamefika wakaenda kwenye kichanja, wakapindua vikombe, wakachukua, na baada ya kunywa wakaosha na kurudisha. Hakuna aliyeambiwa. Mjomba Oriokot alikuwa amekaa pale na kijitabu chake. Nilimwona anainuka, anaenda kwenye kichanja, anagusa kikombe kimoja kimoja kwa kidole. Akaja kwangu, akasema taratibu, "Mwandikie mchapaji."

Kwa hiyo, Mama Provia Akurut ameacha kaka na dada zake wa Amukura, shemeji, wakwe, wajukuu, na vikombe arobaini na kimoja. Hatukutenga vya tumbo na vya nyanjani. Vincent, Caro, Fidel, Amondi, vyenu vimo.

Mjomba alirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alipata arobaini na viwili. Kilichozidi kilikuwa chake Mama. Mtu mmoja kati yetu alikuwa amekiosha kwa mazoea, akakirudisha mahali pake, na hadi sasa hakuna aliyekiri.

Kapumzike, Mama. Vyombo tutaosha sisi.