Mama Toa na Vyumba Vinne vya Angahā

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu Toakase Vaipulu, ambaye wengi wenu, hasa ninyi mliovuka bahari kuja kumzika, mlimwita Mama Toa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1953 hapa Angahā, kisiwani 'Eua, Tonga, akiwa kitinda mimba wa wazazi waliohamishwa kutoka Niuafo'ou baada ya volkano kuteketeza makazi yao, akasoma shule ya msingi kijijini, sekondari Nuku'alofa, kisha mwaka 1972 akaenda Auckland kusomea ualimu wa sanaa, na aliporejea alifundisha uchoraji kisiwani hadi alipostaafu mwaka 2003.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na seremala Siosaia Vaipulu, wakajaliwa mtoto mmoja, Lisiate, ambaye alihamia Auckland mwaka 2001. Mwaka uliofuata Siosaia alifariki, na nyumba ya vyumba vinne ikabaki na mtu mmoja, ambaye jirani yake Pisila alimsikia akizungumza na birika.

Mwaka 2004 aliifungua nyumba hiyo kwa wasanii chipukizi, wanane kila Aprili, wawili wawili wasiofahamiana katika kila chumba, wakae majuma sita, kila wawili watengeneze kazi moja, kisha waionyeshe katika tamasha kwenye ukumbi wa kanisa. Mwaka mmoja mpiga picha wa Brisbane alimwendea jikoni akilalamika, "Mama Toa, mimi na huyu msusi wa mikeka wa Apia hatuivi chungu kimoja," naye bila kugeuka akamjibu, "Basi mtakula mbichi, mwanangu, chungu ninacho hicho hicho." Wawili hao leo ni mume na mke, na wamekaa pale nyuma.

Kila mwaka wageni walipoondoka hakwenda gatini kuwaaga, alibaki akikunja mashuka, na siku kadhaa baadaye alikuwa bado anapika viazi vikuu vya watu tisa na kumpelekea Pisila, akisema, "Nimezidisha tena."

Februari 2020 mchoraji wa Suva, Mereoni Waqa, alitangulia wenzake, mipaka ikafungwa, wengine hawakuja, na tamasha halikufanyika. Kwa miaka miwili na zaidi wanawake hao wawili, mgeni na mwenyeji wake, walitwanga magome, wakayaunganisha na kuyachora, na kwa mara ya kwanza Toakase, aliyewaunganisha wengine miaka yote, akawa na mwenzake wa kazi. Januari 2022, majivu ya volkano yalipoinyeshea ngatu yao, yaani kitambaa hicho cha magome, iliyoanikwa uani, Mereoni alilia, akataka kipande kilichochafuka kikatwe. "Kiache," Toakase alimwambia. "Volkano ilimfukuza mama yangu kwao, hii imekuja kutuchungulia tu."

Mipaka ilipofunguliwa Agosti mwaka huo, Mereoni alisema, "Mama, nibaki. Suva sina haraka nayo."

"Utabaki ufanye nini?"

"Nikae na wewe."

Toakase aliisogeza chai yake kando, akasema, "Hii ni nyumba ya watu wanaoanza, na wewe umeshaanza. Nenda, na hiyo ngatu uichukue nzima, tukiikata tutabaki na matambara mawili." Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikwenda gatini, akasimama hadi meli ilipopotea. Ngatu ilipoonyeshwa kwenye tamasha la Suva, aliketi kwa Pisila akitazama kwenye simu, lakini mtandao ulikatika kabla jina lake halijasomwa, akaaga, akarudi kwake.

Maradhi ya moyo yalimwanza Machi 2023, naye alituficha, ujio wa wageni wa Aprili usije ukaahirishwa. Mwaka huu wa 2024 aliwapokea wanane kama kawaida, akawaaga mlangoni baada ya tamasha, na asubuhi ya tarehe 11 Juni Pisila alimkuta amefariki, ameketi katika chumba cha pili, kitanda kimoja kimetandikwa, shuka la kitanda cha pili liko mapajani mwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa 'Eua, walimu wenzake, waumini, majirani, na Pisila zaidi ya wote. Lisiate ameniomba niseme kwamba nyumba haitauzwa, na kwamba funguo amemkabidhi Mereoni.

Toakase, pumzika, wageni wako wote tumo uani, na leo hakuna anayewahi meli.