Minara ya Uvunguni

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya duka la kinyozi tunayemwita Kipara, maana mwenyewe hana hata unywele. Asubuhi ile hakufungua duka. Alikaa nasi benchini, kikombe cha kahawa mkononi. Sote tulijua anakusanya maboksi ya vitofali vya plastiki, vile vya kuunganisha ukapata minara, madaraja na makasri maarufu ya dunia. Hafungui hata moja. Boksi likifunguliwa, bei imekufa.

— Mnunuzi wa ule mnara wangu wa bei kubwa kapiga simu, haji tena, — alisema. — Kiwanda kinautoa upya, kwa bei ya dukani.

— Tulia wewe! — alisema Redio, mzee asiyepitwa na habari. — Cha kale dhahabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe kuta unazo, hata ufa huna!

— Kwani vitofali vimo kweli humo ndani? — aliuliza Cherehani, dada mshonaji wa jirani.

Kipara aliweka kiganja sikioni.

— Nimeyatikisa. Yanalia.

— Hata kokoto zinalia, kaka.

— Mimi naogopa wezi, — Redio alidakia. — Siku hizi wana kidude kinanusa plastiki kupitia ukutani. Umeyaficha wapi?

— Uvunguni.

— Umekwisha! Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mwizi gani ana mgongo mbovu?

Tukacheka. Kipara hakucheka.

— Nimeuza kiwanja, nikanunulia hayo maboksi, — alisema polepole.

— Kiwanja kipi?

— Chetu. Mama watoto hajui. Nilisema nitauza minara, ninunue kikubwa zaidi kabla hajashtuka.

Redio alitafuta methali, akakosa. Cherehani akaweka kikombe chini.

— Kaka, wifi jana alikuwa anaulizia fundi wa msingi wa nyumba.

Kipara akageuka kumtazama. Kabla hajasema neno, mwashi mmoja akatokea, mwiko mkononi, kamba begani.

— Hamjambo hapa? Kipara, nilikuwa nakutafuta. Mkeo anasema mipaka ya kiwanja unaijua wewe. Tuanze kuchimba upande gani?

Nilitazama kikombe changu kana kwamba jibu limo humo. Nyuma ya mwashi, lori la mchanga lilikuwa linakata kona taratibu, na kando ya dereva mke wa Kipara alikuwa amejitanda kanga mpya, anatupungia mkono.