Bakora Iliyochomoka kwa Vidole Viwili

Kaeni, wanangu, na mkae upande mmoja wa kitanda. Ndiyo, Clement, huko huko kwa dada yako, hang'ati. Na wewe Hester ondoa huo mkoba kwenye kiti, usinifanye mimi mgonjwa nigeuze shingo huku na huku kama mwamuzi wa tenisi. Tangu tumzike baba yenu mmekuwa mkija kuniona kwa zamu, mmoja akisikia gari la mwenziwe linaegeshwa anapitia mlango wa nyuma, nami nikajifanya sioni kwa kuwa nilidhani muda ninao. Daktari kaniambia sinao, tena kwa upole mpaka nikamwonea huruma yeye. Kwa hiyo leo nasema mimi, na atakayenikatiza atakwenda kungojea nje, na mvua ya Buxton mnaijua. Bridget, mjukuu wangu, wewe simama pale kabatini, nitakuhitaji.

Nyumba hii na duka la chini, alimouzia baba yangu, babu yenu, miavuli na fimbo, ni yenu nyote wawili sawa kwa sawa, na wakili anajua. Sidaiwi na mtu, ila Bi Agnes wa jirani ana bakuli lake la kuokea humu jikoni. Mrudishieni, na msimrudishie tupu. Hayo yamekwisha, maana hayo hayakuwagombanisha. Kilichowagombanisha ni bakora.

Mnazijua zilivyo. Ukiitazama ni fimbo ya bwana anayekwenda kanisani, ukiizungusha shingo unatoka upanga. Babu yenu aliachiwa chache na wateja waliokuwa hawana wa kumwachia, nami nikaziongeza maisha yangu yote, mnada kwa mnada, huku wanaume wakiniuliza, "Mama, unamtafutia mumeo?" nami nawajibu, "Mume ninaye, natafuta cha kumtishia." Nilizipenda kwa sababu zinasema ukweli kuhusu watu: kwamba mtu anaweza kuwa na kofia nzuri na salamu nzuri, na bado akawa anaogopa giza.

Sasa sikieni sheria, na mwisikie vizuri, kwa maana ujinga umekwisha kula vitu vingi vya thamani katika mji huu kuliko wezi. Iliyotimiza miaka mia na zaidi, inamilikiwa. Isiyotimiza, haimilikiwi, si kuuza tu, si kubeba tu, hata kuiweka kabatini chini ya mashuka ni kosa, na kumpa mwanao ni kosa vilevile. Na hiyo ya miaka mia nayo isitoke nje kutembezwa. Clement, nimesikia unataka kuja nazo makaburini mzishike mkinisindikiza. Thubutu! Polisi wawazoe wote pale pale, nibaki nazikwa na mchungaji peke yake, naye ana kifua kibovu.

Wala msinung'unike kwamba sheria inawaonea. Kwenye soko la vitu vya kale kule Derby, bwana mmoja alisimama mezani kwangu akapiga kelele, "Ni uhuru wangu!" nikamwambia, "Uhuru wako una ncha, bwana, na kijana aliyechomwa kisu kwenye kituo cha basi naye alikuwa na wake." Akaondoka amenuna. Lakini upande wa pili nao haunitulizi hasira. Mzee Pickersgill, jirani yetu wa juu, sheria ilipokazwa hakuuliza mtu. Alichukua bakora ya babu wa babu yake, kichwa cha pembe ya ndovu, kazi ya mikono ambayo hamtaiona tena, akaitumbukiza katika sanduku la polisi la kusalimishia visu usiku wa manane, kisha akaja kuniambia amejisalimisha. Nilimwuliza, "Nani alikwambia uitupe?" Akasema, "Nilisikia." Alisikia! Sheria haikuitaka ile. Woga ndio ulioitaka, nayo ikasagwa pamoja na visu vya jikoni. Ndiyo maana bakora zangu namwachia Bridget. Usinitazame hivyo, Hester, najua ni mtoto kwako. Lakini katika ukoo huu ni yeye peke yake anayeuliza kabla ya kujibu, ingawa akishaanza kuuliza mtu hunywi chai yako ikiwa moto.

Nipeni maji.

Haya. Tuje kwenye ile yenye kichwa cha mbwa. Babu yenu alinipa siku ya arusi yangu, na kati ya zote ndiyo iliyosemwa kuwa nzuri kuliko nyingine, kwa kuwa upanga wake unang'aa kama umetoka dukani. Nilijivuna nao. Wageni walikuwa wakija nauchomoa, nawaambia, "Mnaona Edwin wangu anavyoupaka mafuta?" naye baba yenu anageukia ukutani kukohoa. Siku ya maziko yake, watu wana sandwichi mikononi, Clement ukasema ni yako kwa kuwa wewe ndiye mwanamume. Hester ukamjibu, nanukuu, "Utaiuza kabla chai haijapoa." Naye akakwambia, "Bora kuuza kuliko kuitia kwenye chungu ikashikilia maua." Mbele ya mchungaji! Tangu siku ile hamjasemezana.

Basi sikilizeni nilichokigundua. Vuli hii, mikono iliponiishia nguvu, nilitaka kuziaga. Nikamwambia Bridget aniletee moja moja hapa kitandani. Nikashika ya kwanza, nikavuta, ikanigomea. Ya pili ikanigomea. Mti wa kale hujikunja kwa baridi za miaka mingi ukaubana upanga wake, na kutu nayo inashika, ndivyo ilivyo na ndivyo inavyopasa kuwa. Mtu mwenye afya huzichomoa kwa kuzibembeleza, mimi sikuweza hata moja. Nikalia kidogo, sitawaficha. Kisha nikashika ile ya kichwa cha mbwa, kwa vidole viwili tu maana vingine vimekufa ganzi, na upanga ukatoka kama kijiko kwenye uji.

Nikaushika nikautazama, safari hii bila majivuno. Nyumba hii ina unyevu unaootesha ukungu kwenye viatu, na chuma kile hakina hata doa. Bridget akaiteremsha ile pete ya fedha ya shingoni, na chini yake, palipofichika, pana chuma kilekile cheupe kisichoshika kutu, chuma cha vijiko vyetu vya mezani. Mwandamani wa fimbo ile ya kale ni kijana wa juzi. Sisi wakusanyaji tunaziita ndoa, fimbo ya zamani iliyoozwa upanga mpya, na sheria haiiti ndoa. Kwa sheria, ule upanga ni mpya, na mpya haumilikiwi.

Nililala nikiwaza, ni nani? Mpaka nikalikumbuka dirisha la bafuni. Mnalikumbuka? Lilikwama mlipokuwa wadogo, likakaa mwaka mzima limeng'ang'ania, mafundi wakashindwa. Siku moja narudi kutoka dukani, nakuta liko wazi, baba yenu amekaa chini yake jasho linamtoka. Nikamwuliza, "Umelifunguaje?" Akasema, "Kwa bisibisi." Wanangu, Edwin Ollerenshaw hakuwahi kumiliki bisibisi maisha yake yote! Na wiki ileile akasema anakwenda Sheffield kumsalimia rafiki yake mfua visu.

Cheka, Clement, usijizuie. Hata wewe Hester, naona mabega. Zawadi ya baba yangu aliivunjia dirishani, akaiponya kimyakimya, akakohoa ukutani miaka yote ile ili mimi nisihuzunike. Ningekuwa na hasira naye, lakini nimetafuta hasira hiyo sikuiona. Na ninyi mmeacha kusemezana kwa ajili ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu anayeruhusiwa kuwa nacho.

Bridget, iteremshe. Mpe mjomba wako.

Clement, shika fimbo. Kwa nguvu. Hester, shika kichwa cha mbwa, zungusha, vuta. Pamoja, jamani, mtu mmoja akishika zote mbili mimi nitajua... Ehee. Mmeona ulivyotoka? Bridget, fungua skrubu ya pale shingoni, uutenge upanga na mpini. Kichwa rudisha kwenye fimbo.

Upanga huo mpigieni simu polisi kwanza, kesho, mseme mna kitu gani na mnakileta lini, ndipo mwende. Uviringishwe katika blanketi, Hester aupakate, Clement aendeshe gari. Gari moja. Wasimulieni habari za dirisha, wacheke nao, kazi yao ni nzito. Fimbo ikishakuwa tupu ni fimbo tu. Haina kosa na mtu. Itakuwa ya Clement, mwenye goti bovu, anayejidai halimwumi. Lakini sharti langu ni hili: kila Jumapili itembee mpaka kwa Hester, ikae pembeni ya mlango wake wakati mnakula. Akimpikia nyama ngumu, ale, asiseme.

Nimechoka... Ngojeni, sijamaliza.

Bridget, zile nyingine usizing'arishe. Kutu yao ndiyo umri wao, na umri wao ndio... ndio unaozilinda. Polisi wakija kukuuliza, uwe na jibu. Ukikosa jibu, uliza.

Mkono wako, Clement. Na wako. Hapana, msinishike mimi, shikaneni. Mungu awape nyumba zenye milango ya mbele inayotumika. Awape wa kuwadanganya kwa mapenzi kama mimi nilivyodanganywa, na awape... kicheko kabla ya... Basi. Amina, semeni ninyi.

Hester, mama. Nenda bafuni. Lifungue lile dirisha. Linafunguka, sukuma tu... Nataka kuisikia mvua.